Ra au La

Mama Ester alikataa mara tatu, mara ya nne akanyamaza. Kwetu Gorong'a mwanamke akinyamaza hivyo, mume anajua ameshinda, ila ushindi wenyewe ataulipia baadaye. Kati yao, juu ya kigoda, lilikaa kopo la maziwa ya unga lenye shilingi laki moja na themanini elfu. Hizo zilikuwa pesa za Mwanza. Tarehe kumi na nane Nashoni Waitara alitakiwa kurudi hospitali, apimwe mapafu na kupewa dawa za miezi mitatu. Sasa Nashoni huyo huyo, mwenye mapafu yake, alitaka pesa ziende kwa kijana mmoja wa Tarime mjini, amtengenezee mkewe tovuti.

“Tovuti inatibu?” Mama Ester aliuliza.

“Inatibu.”

“Haya. Uimeze basi asubuhi na jioni, tuone.”

Nashoni akacheka, kicheko kikamletea kikohozi, na kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likakaribia magoti. Miaka kumi na minne aliyochimba dhahabu upande wa Genkuru, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, ilikuwa imemwachia vumbi la mawe kifuani na baiskeli moja. Mkewe alimshika mgongo akangoja kikohozi kipite. Hakusema pole, maana bado alikuwa na hasira.

“Nikienda Mwanza nitarudi na dawa za miezi mitatu,” Nashoni alisema alipopata pumzi. “Zikiisha tutauza nini tena? Yule dada amesema shali sitini kila mwezi. Sitini! Ukifuma mwaka mmoja tu, ile mashine ya kupumulia tunanunua yetu wenyewe, inakaa hapa hapa kando ya kitanda.”

Yule dada ni Shani, mwenye duka la vitu vya watoto wachanga huko Mwanza. Hawakuwahi kuonana naye. Pudensiana, muuguzi wa zahanati yetu, mtu wa Rombo aliyeletwa na serikali miaka miwili nyuma, ndiye aliyenunua shali moja ya Mama Ester akampelekea dada yake aliyejifungua Mwanza. Shani aliiona hospitalini, akaishika, akaigeuza upande wa pili kutafuta fundo, hakuliona. Akapiga simu. Alitaka shali za namna hiyo hiyo, ila alikuwa na sharti. Wateja wake walikuwa wa Dar na wa nje, na walitaka kumwona anayefuma, bei zake na namna ya kulipa, kwenye tovuti yake mwenyewe, kabla Mei haijaisha. Wakati huo ilikuwa tarehe tano Mei.

“Na kama hatanunua?” Mama Ester aliuliza.

“Atanunua. Wewe umewahi kufuma kitu kikarudishwa?”

Hilo lilikuwa kweli. Huku kwetu milimani, ambako Juni mtu anaamka na kukuta majani meupe kwa umande wa baridi, hakuna mtoto aliyezaliwa miaka hii asifungwe shali ya yule mama. Alivuta kopo, akamsukumia mumewe, akatoka nje kulisha kuku ambao walikuwa wamekwisha kula.

Kesho yake Pudensiana alikuja na simu yake, akampigia kijana wa tovuti. Aliitwa Eric. Alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi ya Tarime, na mwenyewe alikuwa mtu wa Morogoro, hajamaliza hata mwaka kwetu. Alianza na laki mbili na nusu. Pudensiana akamkata, Eric akalalamika, Pudensiana akamkata tena, wakafika laki moja na nusu, humo humo na malipo ya jina la tovuti kwa mwaka mmoja.

“Sasa nipeni jina lenyewe,” Eric alisema. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya nje, juu ya goti la Nashoni. “Jina nikishalilipia halibadiliki, kwa hiyo mnitajie taratibu.”

Pudensiana alikuwa ameitwa na mama mjamzito pale njiani, akatoka. Mama Ester alikuwa jikoni. Nashoni akajiweka sawa kwenye kiti. Alikuwa amefikiria jina hilo siku tatu bila kumwambia mtu.

“Andika,” alisema. “Shari za Gati.”

Gati ni jina la Mama Ester. Jikoni, mwenyewe alisimama na mwiko mkononi. Miaka ishirini na minane ya ndoa, tangu alipozaliwa binti yao Ester na hata kabla, mumewe hakuwahi kulitaja jina hilo mbele ya mtu. Hapa kwetu mume hamwiti mkewe jina kama anayemtuma mtoto dukani. Alisikia uso unapata moto, akiwa na miaka yake arobaini na tisa.

“Shari?” Eric aliuliza. “Mzee, hapo ni ra au la?”

“Eeh,” Nashoni alijibu. “Ra hiyo hiyo.”

“Shari za Gati.”

“Ndiyo. Umepata. Kijana, una akiri sana.”

Hapa sina budi nisimame, maana msomaji wa kwingine atapotea. Sisi ulimi wetu hauna la, una ra. Pole kwetu ni pore, na siku ya kula na siku ya kura zinasikika sawa, ingawa anayekula siku zote si yule aliyepiga kura. Sitaandika kila neno kama tunavyolitamka, nisije nikamaliza ra zote. Lakini ukimuuliza mzee wa Gorong'a kama ni ra au la, yeye anasikia umesema kitu kimoja mara mbili, au anasikia unamuuliza kama ni ra ama siyo. Atakujibu kwa adabu, ndiyo, ni ra. Shali ya kumfunga mtoto tunaiita shari. Na mtu wa shari, mgomvi, mwenye kuleta balaa nyumbani kwa watu, naye tunamwita hivyo hivyo. Kipi ni kipi tunajua kwa kuangalia, na hatujawahi kumfunga mtoto kwa mgomvi.

Eric naye, masikini, hakuangalia. Aliwaza tu kwamba ni neno la Kikurya. Hapa majina yote yalikuwa mageni kwake, Nyansurura, Kisyeri, Bhoke, basi na hilo lipo. Akalilipia jina siku ile ile.

Picha zilipigwa Jumapili baada ya kanisa, Mama Ester akiwa bado na gauni la ibada. Pudensiana alitaka wapigwe wote wawili, Nashoni akakataa.

“Mimi wataniona nilivyokonda, watadhani shali zinaambukiza,” alisema. “Nitashika pazia.”

Akasimama nyuma ya mkewe, akainua shali ya bluu ya bahari iwe kama ukuta, akaishikilia huku pumzi inapiga filimbi. Pudensiana alipiga haraka haraka. Kwenye picha anaonekana Mama Ester, hajui kucheka mbele ya simu, na juu kwenye pembe mbili za shali vinaonekana vidole vinne vinne vya mtu.

Siku ya pili yake Nashoni aliuza baiskeli, maana lebo za kushona kwenye shali hazikuwa kwenye hesabu, na elfu thelathini zilizobaki kwenye kopo zilikuwa zimekwenda kwenye uzi. Alisema hana haja nayo, kifua kilishamkataza kuiendesha tangu mwaka juzi. Aliyeinunua aliipanda mbele yake akaondoka akipiga kengele. Lebo mia mbili zikachapwa kule kule kwa Eric, kitambaa cheupe na maandishi ya bluu, zikaja kwa bodaboda ndani ya bahasha. Mama Ester hakusoma zaidi ya darasa la pili, Nashoni la nne. Wakaziangalia pamoja. Nashoni akapitisha kidole chini ya herufi, moja moja, polepole, akazisoma kwa sauti. Zilisomeka vizuri kabisa.

Tarehe ishirini na nne Mei tovuti ilifunguliwa. Pudensiana hakupata muda wa kuiangalia mpaka jioni, kulikuwa na kliniki ya watoto. Mtu wa kwanza kuifungua alikuwa Shani, na Shani hakumpigia Mama Ester, alimpigia Pudensiana.

“Dada, huyu mama ana ugomvi na mtu?”

“Kwa nini?”

“Fungua uone ameandika nini. Mimi nauza vitu vya watoto wachanga. Mtu ana mtoto wa siku tatu, nimwambie amfunge shari? Shari za Gati? Dada yangu, hata mimi mwenyewe nimefunga ukurasa huo haraka, nina mimba ya miezi mitano.”

Pudensiana aliifungua akasimama pale pale kwenye veranda ya zahanati. Herufi kubwa za bluu zilimkaribisha kwenye Shari za Gati. Chini yake ziliandikwa sifa: shari laini, shari za joto, shari kwa mtoto wako, tunatuma shari mikoa yote. Kisha picha ya Mama Ester, hajacheka. Pudensiana alitaka kucheka akashindwa, akaanza kulia akashindwa vilevile, akampigia tena Shani kumweleza habari ya ulimi wetu. Shani alimsikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu mbaya.

“Nimeelewa, dada. Lakini nilishawatumia wateja wangu ile anwani kabla sijaisoma sawasawa. Wananiuliza kama nimerogwa. Mwezi huu nitachukua kwa mama mmoja wa upande wa Kenya. Mnisamehe tu.”

Hadi Jumatatu picha ya tovuti ilikuwa imepita kwenye simu za walimu, za watu wa kilimo na za ofisi ya kata. Watumishi wengi kwetu wametoka mikoa mingine, la yao wamekuja nayo. Walicheka, na sitawalaumu sana, jambo linachekesha likimtokea mwingine. Mwalimu Melkiori wa shule ya msingi, mtu wa Songea, ndiye aliyeandika chini ya picha: “Agiza shari yako leo, uletewe mpaka mlangoni.” Watu wakajibu kwa vikaragosi vya kucheka machozi, thelathini na kitu.

Pudensiana alipomweleza, Mama Ester alikwenda Tarime peke yake. Alimwambia mumewe anakwenda kufuata uzi. Eric alikuwa anamtolea mtu kopi za cheti cha kuzaliwa, alipomwona akasimama akampa kiti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Wewe ndiye uliyeniandika mimi mtu wa shari?”

Eric alikuwa ameshapigiwa na Pudensiana. Alishika kichwa. “Mama, nisamehe. Lakini Mungu ni shahidi, nilimuuliza mzee. Nikamwambia, ni ra au la? Akaniambia ra. Nikarudia, akasema nimepata.”

“Alisema?”

“Alisema, ‘ra hiyo hiyo.’ Akanisifu nina akili.”

Mama Ester akakaa. Alikuwa amekuja na maneno mengi, mengine ya Kikurya aliyoyachagua njiani, na sasa hayakuwa na mtu wa kumwangukia. Alikumbuka jikoni, mwiko mkononi, uso wenye moto. Alikuwa amesikia kila kitu na kwake pia kilikuwa sawa.

“Badilisha,” alisema.

“Maandishi ya ndani nabadilisha sasa hivi, bure. Ila jina lenyewe la kuitia tovuti siwezi kulifuta herufi moja. Inabidi kununua jina jipya, elfu thelathini. Mimi kazi yangu sitadai. Na lebo nazo, mama, zote zina ra.”

Alikuwa na elfu nane, na ndani yake nauli ya kurudi. Akamwambia Eric aache kwanza. Kwenye gari alikaa dirishani, na njia nzima, nasema njia nzima, alimchukia mumewe. Alichukia mdomo wake, darasa lake la nne, pua yake ndefu, jinsi alivyolisukuma shauri lile mpaka yeye akachoka. Kwa herufi moja amejiulia hospitali yake mwenyewe! Alijiapiza kwamba akifika tu anamwambia, kabla ya kuvua viatu.

Alimkuta amekaa mlangoni, amejifunika, lebo zote amezipanga kumi kumi juu ya ungo. Alikuwa amejifunza kushona akiwa peke yake. Shali tatu zilikuwa na lebo tayari, mshono umekwenda upande.

“Wameagiza?” aliuliza kabla hata ya salamu.

Mama Ester alivua kiatu kimoja, akavua cha pili.

“Wameagiza,” alisema.

“Ngapi?”

“Wameanza na kumi na mbili. Wanajaribu.”

Nashoni alipiga paja kwa furaha. “Si nilikwambia! Jina zuri linajiuza.”

Basi ikawa hivyo. Mama Ester alifuma shali kumi na mbili kwa uzi uliokuwepo, Nashoni akazishona lebo. Asubuhi moja Mama Ester alizifunga kwenye gunia jeupe, akamuaga mumewe kwa sauti kwamba anawahi gari la Tarime, akapita njia ya barabarani, akakata nyuma ya shamba la migomba mpaka nyumba ya Pudensiana. Huko walikaa wawili wakafumua. Shali inafumwa kwa nusu siku, kufumuliwa ni robo saa. Walizungusha uzi kwenye mipira, na Mama Ester akarudi nyumbani na “uzi mpya.” Wakati mwingine aliwahi kuuza moja njiani kwa mama mjamzito, shilingi elfu sita, elfu tano, kwa bei ya mtu asiyeweza kungoja. Hizo aliziweka kwenye kopo, akamwambia mumewe ni sehemu ya malipo, mengine yanapitia benki na benki zina taratibu zake.

Uzi ule ulifumwa mara nne. Ulianza kuchoka, ukawa na vinyweleo.

“Bluu hii siyo ile ya juzi?” Nashoni aliuliza siku moja.

“Wanaipenda. Wanataka bluu tu.”

“Watu wa mjini,” alisema Nashoni, akaendelea kushona. Hapo alikuwa anashona lebo moja, anapumzika, anashona nusu.

Tarehe kumi na nane ilikuwa imepita zamani. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi saa za jioni. Mama Ester alimpigia binti yao, Ester, aliyeolewa Nyansurura kule wilaya ya Serengeti, akamweleza kila kitu na kumwapisha asimwambie baba. Ester akauza mbuzi wake wawili, akatuma pesa. Pamoja na zile za kopo zilifika laki moja na arobaini. Wakapanga waondoke kwenda Mwanza Alhamisi ya pili ya Julai. Nashoni aliambiwa ni malipo ya kwanza kutoka kwa Shani.

Jumamosi kabla ya safari, Mwalimu Melkiori alikuja kumjulia hali mgonjwa. Alikuja na sukari kilo moja, akapewa kiti karibu na kitanda.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwarimu. Karibu. Umeiona tovuti yetu?”

Mwalimu akatazama sakafu. Kona ya mdomo wake ikacheza kidogo. Naamini hakutaka, lakini kicheko kikishazoea njia kinapita chenyewe.

“Nimeiona, mzee. Watu wengi wameiona.”

“Jina umerisikia? Niritunga mwenyewe.”

“Nimelisikia. Ila mzee, kuna kitu kidogo, kwenye ile herufi ya…”

Mama Ester aliangusha sinia. Vikombe vitatu vilivunjika, chai ikasambaa mpaka chini ya kitanda, na yeye akaanza kulalamika kwa sauti juu ya mikono yake mizee, akamwomba mwalimu amsaidie kuleta tambara nje. Mwalimu akamfuata. Nyuma ya nyumba Mama Ester aliligeukia lile jitu refu, akalishika mkono wa shati.

“Mwalimu, mmecheka mmeshiba. Mimi mkiniita Gati wa Shari nikipita sokoni, nasikia, sijibu. Lakini yule pale ameuza baiskeli yake. Ameacha kwenda hospitali. Mwachie herufi yake.”

“Mama, sikujua kwamba…”

“Sasa umejua. Herufi moja tu, mwalimu. Nyie mnazo zote.”

Melkiori alirudi ndani, akakaa tena kwenye kiti. Nashoni alikuwa anangoja, ameinua shingo.

“Herufi ya nini, mwarimu?”

“Ya mwanzo,” Melkiori alisema. “Imeandikwa kubwa. Inapendeza sana, mzee.”

Nashoni akafumba macho, akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu alikaa nusu saa nyingine. Alipotoka hakumuaga Mama Ester kwa maneno, alimshika mkono tu kwa mikono yake miwili.

Nashoni alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, jua limetoka na baridi haijakatika. Alikuwa ameegemea mto, ana shali magotini na sindano kidoleni. Nguo za safari zilikuwa zimekunjwa tayari ndani ya begi.

“Leo wameagiza wangapi?” aliuliza.

“Wanane,” alijibu mkewe, akiwa anachochea uji.

“Wanane,” alisema Nashoni. Alikaa akihema. “Mama Ester, tukirudi kutoka Mwanza uniandikie hesabu yote. Nataka kuona imefika wapi.”

Alipomgeukia kumpa uji, lebo ilikuwa imeshonwa upande mmoja tu. Alimwita Baba Ester, akamwita tena. Kisha akapiga yowe ambalo sisi wa ng'ambo ya kijito tulilisikia tukaacha majembe.

Walimzika kwa pesa za Mwanza. Zilitosha sanda, mbao, na mchele wa watu wa mbali. Ukoo ulimwomba Mwalimu Melkiori asome wasifu wa marehemu, kwa kuwa ana sauti na anasoma bila kukwama. Alisoma amezaliwa lini, amebatizwa wapi, amechimba miaka mingapi. Watumishi walikuwa wamekaa upande mmoja chini ya turubai, wengi wao wale wale wa vikaragosi. Mwalimu akafika mwisho wa karatasi, ambapo Ester alikuwa ameandika, kwa la yake nzuri ya shule ya sekondari, kwamba marehemu alianzisha na mkewe biashara ya Shali za Gati. Mwalimu akasita. 

“Marehemu,” alisoma, “arianzisha na mkewe biashara ya Shari za Gati.”

Hakuna aliyecheka. Mama Ester aliinua kichwa chake kutoka begani kwa binti yake, akamwangalia mwalimu wa Songea akihangaika na ra yetu, akalia kilio cha pili.

Mwaka ulizunguka. Mama Ester aliendelea kufuma kidogo, kwa ajili ya akina mama wa hapa hapa. Lebo zilizobaki alizifungia kwenye kopo la maziwa. Siku moja ya Mei, akiwa anaanua mahindi, simu yake ndogo ya vitufe iliita.

“Shikamoo, mama. Ni Eric wa Tarime, wa tovuti.”

“Marahaba, mura,” alijibu, akimwita kijana kwa Kikurya. “Habari za siku?”

“Nzuri. Pole tena na msiba.” Kijana alisafisha koo. “Mama, lile jina linakwisha wiki ijayo. Lisipolipiwa linapotea kabisa, picha na kila kitu. Nikawaza, hii ndiyo nafasi. Kulilipia tena ni elfu thelathini, na jina jipya ni elfu thelathini hiyo hiyo. Nikuandikie safari hii jina sahihi, tuanze upya. Nusu nitatoa mimi, tangu siku ile sina amani.”

Mama Ester alikaa juu ya gunia la mahindi.

“Ile picha bado ipo? Ile yenye vidole?”

“Ipo, mama.”

“Ukiandika jina jipya, lile la kwanza linakwenda wapi?”

“Linafutika. Au analichukua mtu mwingine.”

Eric akasema haloo mara mbili. Kuku walikuwa wameingia kwenye mahindi na hakuwafukuza.

“Nina jogoo na shali tatu,” alisema. “Ijumaa nitakutumia elfu thelathini yote. Usitoe chochote, huna kosa. Ulimuuliza vizuri, na yeye akakujibu vizuri.”

“Sawa, mama. Asante. Kwa hiyo niandike ile sahihi?”

“Lipia ile ile.”

“Ile ile? Mama, na biashara?”

“Biashara gani, mura? Mume wangu aliniita Mama Ester miaka ishirini na minane. Jina langu alilitaja mara moja, siku ile kwenye simu, kwako wewe.”

 Kule kibandani kwa Eric mashine ya kopi ilisikika ikilia peke yake. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kukosea kwa mara ya pili.

“Basi nihakikishe tu, mama, nisije nikaharibu. Shari za Gati. Hapo katikati, ni ra au la?”

“Eeh,” alisema Gati. “Ra hiyo hiyo.”